Kufunga vitu vizito kwenye kuta zisizoaminika: hita, runinga, kabati la jikoni na pangaboi

Watu wengi huianza kazi hii dukani. Wanauliza fisha (kipande cha plastiki kinachoingizwa tunduni ili skrubu ishike) ya namba ngapi inabeba hita ya lita 50, muuzaji anawapa pakiti, wanarudi nyumbani na drili ya kuazima. Muuzaji hana kosa, ila swali halijakamilika. Fisha ileile inayoshika barabara kwenye nguzo ya zege itachomoka kwa vidole kwenye tofali lililofyatuliwa kwa mchanga mwingi na saruji ya kubania. Mzigo unabebwa na ukuta. Kazi ya bolti ni kuufikisha mzigo huko. Kwa hiyo tutaanzia ukutani, na dukani tutafika baadaye.

Nazungumzia vitu vinavyoweza kuumiza mtu vikianguka: hita ya bafuni, runinga kubwa, makabati ya juu jikoni, pangaboi (feni ya darini). Picha na saa ya ukutani hazihitaji yote haya.

Jua uzito, kisha jua umbali

Lita moja ya maji ni kilo moja. Hita ya lita 50 ikijaa ina kilo 50 za maji, na tanki lenyewe mara nyingi ni kilo 15 hadi 20, kwa hiyo weka kilo 70. Ya lita 80 huvuka kilo 100. Runinga ya siku hizi ya inchi 55 ina kama kilo 15 hadi 20. Kabati la juu lenye upana wa mita moja linaweza kuwa na kilo 25 au 30 likiwa tupu, na likijaa sahani, bakuli na makopo ya unga uzito huo unaongezeka maradufu. Pangaboi ni jepesi, kilo 5 hadi 7, lakini linatikisika kila siku linapowashwa, na mtikisiko hulegeza nati kuliko uzito.

Uzito ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni umbali kutoka ukutani hadi katikati ya mzigo. Umbali huo ndio unaoigeuza nguvu ya kushuka chini kuwa nguvu ya kuvuta bolti za juu zitoke nje, vilevile kama mpini mrefu wa nyundo unavyong'oa msumari bila jasho. Hesabu yake ni rahisi: zidisha uzito kwa umbali huo, kisha gawa kwa kimo kilichopo kati ya skrubu za juu na za chini za braketi.

Chukua runinga ya kilo 20 kwenye braketi bapa, katikati yake ikiwa sentimita 5 kutoka ukutani, na skrubu za juu na za chini zikiachana kwa sentimita 20. Ni 20 mara 5, gawa kwa 20: skrubu za juu zinavutwa kwa kilo 5 tu. Sasa weka braketi ya mkono, ile inayovutwa na kugeuzwa, na uivute hadi sentimita 50. Ni 20 mara 50, gawa kwa 20: kilo 50. Runinga ni ileile, ukuta uleule, na nguvu imekuwa mara kumi kabla mtoto hajaning'inia. Mwenye ukuta dhaifu ninamshauri aachane kabisa na braketi za mkono. Akiitaka lazima, achague yenye bamba refu la ukutani, kwa sababu kila unapoongeza kimo kati ya skrubu za juu na za chini, mvuto unapungua.

Kwa hita ya kilo 70 ambayo katikati yake iko sentimita 22 kutoka ukutani, ikiwa imetundikwa juu na kuegemea ukuta sentimita 40 chini yake, mvuto ni karibu kilo 39 kwa kulabu zote mbili. Hapo hujahesabu kilo 35 ambazo kila kulabu inabeba kwenda chini. Siyo nguvu ya kutisha kwenye zege. Kwenye lipu na mchanga ni habari nyingine.

Kuusoma ukuta

Gonga kwanza kwa kifundo cha kidole, halafu kwa mpini wa bisibisi, ukitembea kutoka pembeni kuelekea katikati. Sauti nzito isiyobadilika ni dalili ya ukuta uliojaa. Sauti ya mvumo inayobadilika kila baada ya kitambo ni tofali la tundu, au lipu iliyoachia tofali. Mvumo mwepesi kama wa sanduku ni jipsamu au plaiwudi.

Masikio hayatoshi, kwa hiyo toboa tundu la majaribio kwa biti ya milimita 5 au 6, mahali ambapo kifaa chenyewe kitapafunika. Usiwashe nyundo ya drili, yaani ule mpigo unaoifanya biti igonge huku ikizunguka. Toboa kwa mzunguko tu, taratibu, huku karatasi nyeupe ikiwa chini ya tundu kupokea vumbi. Lipu huja kwanza, mara nyingi milimita 12 hadi 20, na kwenye nyumba zilizonyooshwa kwa lipu unaweza kukuta hata 40. Pima unene huo kwa msumari na uuandike, utauhitaji. Baada ya lipu, vumbi linasema:

- Kijivu, laini, na biti inasonga kwa shida au haisongi kabisa bila nyundo: zege. Umekutana na nguzo, lenta au boriti.
- Kijivu chenye chembe za mchanga, biti inaingia kwa wastani: tofali la saruji lililo sawa. Ikiingia kama kwenye kichuguu na mchanga ukamwagika wenyewe: tofali dhaifu.
- Jekundu: tofali la kuchoma.
- Jeupe au la rangi ya maziwa, likiwa na unyevunyevu: matumbawe na chokaa.
- Biti inatumbukia ghafla baada ya sentimita 2 na nusu au 3 za tofali: tofali la tundu.

Toboa la pili, hatua moja ya mkono pembeni. Tundu moja linaweza kuwa limeangukia kwenye maungio.

Kabla ya haya yote, umeme. Nyaya zilizofukiwa kwa kawaida hupanda na kushuka wima kutoka kwenye soketi na swichi, na mabomba hupanda wima kutoka kwenye koki, kwa hiyo mistari hiyo haitobolewi. Lakini nyumba zetu nyingi zilifungwa nyaya na mtu aliyekatiza kwa mshazari ili aokoe waya. Azima kifaa cha kutafutia nyaya, au zima saketi ya chumba hicho na utoboe kwa drili ya betri. Vaa miwani na barakoa. Vumbi la saruji na la matofali linaharibu mapafu, na jicho halina spea.

Vya kununua

Drili yenye swichi ya kuzima na kuwasha nyundo, pimamaji, tepu, biti mpya za ukutani, brashi nyembamba ya waya na pampu ndogo ya kupulizia vumbi. Biti iliyochakaa inatanua mdomo wa tundu kabla hujafika ndani, kwa hiyo usiionee huruma.

Fisha za plastiki, ambazo Kenya wengi wanaziita rolplagi, zinauzwa kwa namba, na namba ndiyo kipimo cha biti. Fisha ya 8 inaingia kwenye tundu la milimita 8 na inataka skrubu ya milimita 5 hadi 6. Ya 10 inataka skrubu ya 6 hadi 8. Skrubu nyembamba kuliko hapo haiitanui fisha, hata kama inaonekana imekaza. Urefu wa skrubu ni jumla ya unene wa braketi, unene wa lipu, urefu wa fisha na milimita 5 za ziada ili ncha itokeze nyuma. Kwa braketi ya milimita 3, lipu ya 15 na fisha ya 50, unahitaji skrubu ya 75 au 80. Skrubu zinazokuja ndani ya boksi la braketi mara nyingi ni fupi kuliko hapo, maana aliyeziweka hakuiona lipu yako. Fisha yenyewe isukumwe ipite lipu na ikae yote ndani ya tofali.

Bolti za kutanuka za chuma, zile rolbolti, ni za zege na mawe magumu peke yake. Zinashika kwa kusukuma kingo za tundu, na tofali dhaifu likisukumwa linapasuka.

Ukikaa Tanga, Mombasa, Unguja au popote upepo wa chumvi unapofika, nunua bolti za stenlesi au angalau zilizochovywa kwenye zinki. Bolti iliyopakwa zinki nyembamba ya kung'aa hushika kutu ndani ya ukuta, ambako huioni.

Ukuta kwa ukuta

Zege ndiyo rahisi: nyundo ya drili iwashwe, bolti ya kutanuka au fisha ya 10, umbali wa sentimita 10 hivi kutoka ukingoni ili kona isimeguke. Ukikutana na chuma, hiyo ni nondo. Usiikate, sogea. Kama lenta ya juu ya dirisha au mlango inapita karibu na unapotaka kutundika kabati, panga kazi yako uifuate.

Tofali la saruji lililo imara linapokea fisha ya 8 au ya 10 bila malalamiko, mradi utoboe katikati ya tofali na uepuke maungio. Mawe ya kuchonga yanayojengea Nairobi na Kiambu, yale yanayotoka machimbo ya Ndarugu upande wa Juja, ni mwamba wa majivu ya volkano na ni laini kuliko yanavyoonekana. Yatoboe bila nyundo, tumia fisha ndefu, na yatakushikia vizuri. Matofali ya matumbawe yaliyokatwa kwa mashine, ya Kilifi na Mombasa, yana vitundu vingi. Yahesabu pamoja na tofali dhaifu.

Tofali dhaifu ndilo linalowasumbua watu wengi zaidi, na kwa hilo nina njia tatu. Ya kwanza ni kutawanya mzigo. Chukua ubao mgumu wa mninga au mvule wa inchi 2 kwa 6, au plaiwudi ya milimita 18, mrefu wa kufunika matofali matatu au manne. Ufunge ukutani kwa skrubu nyingi, kila moja kwenye tofali lake, kisha kabati au braketi ya runinga ifungwe kwenye ubao. Kabla ya kuupandisha, upake dawa ya mchwa na rangi pande zote, hasa mgongoni. Njia ya pili ni gundi ya resini, nitaieleza kwenye mfano wa hita. Ya tatu ni kuuacha ukuta upumzike: fremu ya skwea paipu iliyosimama sakafuni inabeba uzito wote, na skrubu za ukutani zinaizuia isianguke mbele. Kwa hita ya lita 80 au 100 kwenye ukuta usioeleweka, ningeenda kwa fundi wa kuchomelea bila kufikiri mara mbili.

Kuna desturi ya kutoboa tundu pana, kupigilia kipande cha mbao na kukaza msumari humo. Kwa pazia itapita. Kwa mzigo mzito ikatae: mbao hukauka na kusinyaa, tundu linabaki kubwa kuliko kilichomo, na mchwa wakishafika hakuna dalili yoyote nje.

Tofali la tundu

Hapa hasara hutokea kwenye kutoboa kwenyewe. Ganda la tofali lina sentimita 2 na nusu au 3 tu, na nyundo ya drili hulimega kwa ndani, upande usioonekana. Mdomo wa tundu unaonekana safi, kumbe nyuma pamefunguka kama faneli. Zima nyundo kabisa, hata kama kazi itachukua muda mrefu.

Kwa kabati la kawaida, fisha ndefu zinazojikunja fundo zikifika kwenye uwazi zinatosha, zikiwa nyingi na zikisaidiwa na ubao. Kwa hita usizitumie. Chagua kati ya mambo mawili.

La kwanza ni bolti inayopita ukuta mzima. Toboa hadi upande wa pili, pitisha fito ya nyuzi (fimbo ya chuma yenye nyuzi kama za bolti) ya milimita 10, na upande wa pili weka bamba la chuma la sentimita 10 kwa 10, nene milimita 5 au 6, nati na washa. Ukuta unakuwa umebanwa katikati ya vyuma viwili, na hata tofali bovu hushikilia hivyo. Bamba linaonekana upande wa pili, basi lichimbie kidogo na ulifunike kwa lipu, au lipake rangi na uliache. Huo ndio uimara wa bei nafuu kuliko wote ninaoujua, na nashangaa jinsi unavyoachwa kwa sababu ya sura. Usiikaze nati hadi ganda lilie. Ikishika, ongeza robo mzunguko, basi.

La pili ni kulijaza tundu zege. Fungua uwazi wa ukubwa wa ngumi kwenye ganda la mbele, juu kidogo ya mahali bolti itakapokaa. Sokomeza karatasi za mfuko wa saruji chini ili zege lisizame hadi msingini. Lowesha ndani kwa maji. Changanya ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na mbili za kokoto ndogo kabisa, ujaze kidogo kidogo ukishindilia kwa kipande cha nondo. Ziba, lowesha kila siku, subiri siku 7 kabla ya kutoboa. Ukiwa unajenga sasa hivi, mwambie fundi ajaze matundu ya matofali yote ya sehemu itakayobeba hita na makabati. Ni karai chache za zege, na hutakuwa na haja ya kusoma sehemu hii tena.

Nyumba za mawe na chokaa

Kuta za Mji Mkongwe wa Unguja, za Lamu na za Mji wa Kale Mombasa zinaweza kufika nusu mita na zaidi, na unene huo huwadanganya watu. Ndani yake ni vipande vya matumbawe vya kila ukubwa vilivyopangwa kwa chokaa na udongo. Tundu moja linaweza kupita lipu laini, jiwe gumu, uwazi, kisha chokaa inayomwagika. Nyundo ya drili inatikisa mawe ya jirani hadi yanaachia. Toboa kwa mzunguko, kwa biti nyembamba kwanza, uone njia inakuwaje, ndipo upanue.

Kinachoshika hapa ni fito ya stenlesi iliyozama kwa resini ndani ya soksi ya wavu. Soksi inaizuia resini isipotelee kwenye uwazi, nayo resini inavimbia kwenye vitundu vya wavu na kushikamana na mawe. Zama kwa kina, sentimita 15 au zaidi baada ya lipu, kwa kuwa unene unao. Chumvi iliyomo kwenye kuta hizi inakula chuma cha kawaida haraka.

Ukimaliza, usizibe kwa saruji. Ukuta wa chokaa hupumua unyevu wake nje; saruji huufungia ndani, na lipu ya kando yake huanza kuvimba na kudondoka. Ziba kwa chokaa na mchanga.

Pangaboi kwenye dari la boriti za mikoko lisifungwe kwa bolti nene iliyotobolewa katikati ya boriti, maana unaikata nguvu zake. Zungushia boriti mkanda wa chuma na uning'inize hapo, baada ya kuikagua isiwe imeliwa karibu na ukuta, ambako unyevu huanzia.

Na kabla ya kutoboa, uliza. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000 na Lamu tangu 2001. Kazi yoyote inayogusa muundo au sura ya nje inahitaji mazungumzo na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, au na Makumbusho ya Taifa ya Kenya kwa upande wa Lamu. Waliojenga nyumba hizi waliweka zidaka ndani ya ukuta, vyombo vikakaa humo bila msumari hata mmoja. Kama chumba chako kina zidaka au daka pana, fikiria runinga ikae hapo kabla ya kuwaza braketi.

Tofali za kuchoma, udongo, na jipsamu

Tofali la kuchoma la Mbeya, Iringa au Uganda lililoiva vizuri linashika fisha bila shida, ukitoboa katikati yake bila nyundo. Tatizo ni maungio, hasa yakiwa ya udongo: tofali zima linaweza kuchomoka pamoja na fisha yako. Tumia ubao unaoshika matofali mengi. Ukuta wa fito na udongo haubebi kitu kizito, kwa hiyo mzigo ushushwe sakafuni kwa fremu.

Jipsamu haibebi mzigo mzito, iwe ukutani au darini. Kwenye ukuta wa jipsamu tafuta nguzo za ndani kwa sumaku. Inanasa pale penye skrubu, na nguzo kwa kawaida zimeachana kwa sentimita 40 au 60. Runinga ifungwe kwenye nguzo. Zisipoangukia unapotaka, kata jipsamu, weka plaiwudi ya milimita 18 kati ya nguzo mbili na uikaze kwenye nguzo, kisha ziba na upake rangi. Hita iende kwenye ukuta mwingine.

Pangaboi chini ya dari la jipsamu: panda darini, funga mbao ya 2 kwa 4 kati ya kenchi mbili, tundika kulabu kwenye mbao hiyo, jipsamu ipitiwe tu. Kwenye slabu usitumie fisha ya plastiki kamwe. Tumia bolti za chuma kwenye zege lililojaa. Slabu nyingine zina matofali ya matundu kati ya mbavu za zege, kwa hiyo toboa jaribio uhakikishe uko kwenye mbavu. Panga zisipungue futi 7 kutoka sakafuni, weka waya wa usalama unaobaki umeshika hata kulabu ikiachia, na uunganishaji wa umeme mwachie fundi umeme mwenye leseni.

Mfano kamili: hita ya lita 50, tofali dhaifu la inchi 5, ukuta wenye marumaru

1. Pima umbali wa matundu kwenye mgongo wa hita yenyewe, usiamini picha ya kwenye boksi. Chagua kimo kinachoacha nafasi chini kwa mabomba na kwa kuchomoa kifaa cha kupashia maji siku kikiungua. Hakikisha kila alama inaangukia kwenye tofali kwa kutumia matundu yako ya majaribio.

2. Bandika utepe wa karatasi wenye gundi juu ya marumaru na uweke alama hapo, biti isiteleze. Toboa marumaru kwa biti ya mshale kwa mwendo mdogo, bila nyundo. Marumaru ngumu za porselini zinataka biti ya almasi, ukiidondoshea maji. Epuka ukingo wa marumaru.

3. Ukishavuka marumaru, badili biti iwe ya ukutani ya milimita 12, kwa fito ya nyuzi ya milimita 10. Funga utepe kwenye biti kuonyesha kina: marumaru na lipu, tuseme sentimita 2 na nusu, kisha sentimita 9 za tofali. Mzunguko tu. Weka biti iingie ukutani moja kwa moja, kwa pembe mraba pande zote, au ikiinama kidogo kwenda chini kwa ndani.

4. Puliza vumbi kwa pampu, sugua kwa brashi, puliza tena. Rudia hadi kisitoke kitu. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo inayoamua kama resini itashika tofali au itashika vumbi.

5. Kamua resini ya kwanza kwenye kipande cha boksi na uitupe hadi rangi iwe moja. Jaza tundu kuanzia mwisho wake, theluthi mbili, ukirudi nyuma taratibu. Ingiza fito ukiizungusha hadi resini ichungulie mdomoni. Isipochungulia, kuna uwazi ndani: chomoa, weka soksi ya wavu, anza upya.

6. Acha. Muda umeandikwa kwenye chupa kulingana na joto, na kwenye joto la pwani resini huganda haraka kuliko unavyodhani, kwa hiyo fito zote ziwe tayari mkononi kabla hujakamua. Usiiguse kujaribu kama imekauka.

7. Funga braketi kwa washa pana na nati mbili mbili, ili ya nje iibane ya ndani. Jaribu mzigo kama nilivyoeleza hapa chini, halafu ndipo mpandishe hita, watu wawili.

8. Fundi bomba aweke vali ya usalama. Jaza maji, fungua koki ya moto hadi yatoke mfululizo, ndipo umeme uwashwe.

Kujaribu kwa madumu

Kila nyumba ina kifaa cha kupimia: dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20. Kwa hita ya kilo 70, ning'iniza madumu matano kwenye braketi kwa kamba, yakiwa kiganja kimoja juu ya sakafu ili yakianguka yasivunje kitu. Yaache usiku kucha. Asubuhi angalia kama kuna vumbi jipya chini ya bolti, ufa mwembamba kuzunguka mdomo, au mwanya kati ya ukuta na sehemu ya juu ya braketi.

Madumu yanapima kushuka tu, hayapimi mvuto wa kutoka nje. Kwa hilo, funga kamba kwenye kulabu moja moja, simama imara, mguu mmoja mbele, uvute taratibu kwa uzito wa mwili bila kushtua. Kwa braketi ya runinga yenye mkono, uvute mkono hadi mwisho na uning'inize dumu na nusu kwenye ncha yake. Kama ukuta utashindwa, ushindwe leo, kukiwa na maji tu yatakayomwagika.

Tundu likiharibika

Skrubu inayozunguka bila kukaza haitatibiwa kwa njiti za kiberiti wala karatasi. Kama kuna nafasi, sogeza braketi angalau sentimita 10 na uanze kwenye tofali zima. Kama haiwezekani, panua tundu hadi ufike penye tofali gumu, lisafishe, na ufunge fito kwa resini kama kwenye hatua ya 3 hadi ya 6. Likiwa limemeguka sana, lilowesha, ulijaze saruji na mchanga kwa uwiano wa moja kwa mbili, ushindilie, usubiri siku 7, ndipo utoboe upya kwa biti ndogo kwanza.

Mwezi mmoja baada ya kufunga, pita na spana: nati za pangaboi kwanza, kisha za hita. Baada ya hapo kagua kila msimu wa mvua nyingi unapoisha, kwa kuwa kuta zenye unyevu hulegea kipindi hicho. Mpangaji ampe mwenye nyumba mchoro wa mahali fito zilipo, ili atakayehamia baadaye asitoboe sentimita 2 pembeni yake.